Kutoka Lima hadi La Paz kwa Uzi wa Sweta

Kutoka Lima hadi La Paz ni kama kilomita elfu moja na themanini kwa ndege. Kwa barabara, mwalimu wetu wa jiografia alisema hajui, labda siku mbili tatu, maana katikati kuna milima ya Andes na barabara inajikunja kama utumbo wa mbuzi. Darasa zima likacheka kwa ajili ya ule utumbo. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa mbele ya darasa na uzi mkononi.

Uzi ulitoka kwenye sweta langu la shule. Mwalimu alikuja na atlasi yetu moja, ile isiyo na jalada, akauliza nani ana uzi. Mkono wa sweta langu ulikuwa unafumuka tangu kidato cha kwanza. Msichana ninayekaa naye dawati moja akanishika mkono akauinua juu, kana kwamba mimi ndiye niliyenyoosha.

"Huyu hapa, mwalimu. Ana kiwanda kizima."

Basi nikaitwa mbele. Mimi kuitwa mbele ni sawa na kuambiwa nivue nguo. Nilisimama pale na uzi wa kijani, miguu haijui isimame vipi.

"Bana ncha hii Lima," mwalimu akasema. "Hiyo nyingine La Paz. Sasa kaza. Usiulegeze! Ukilegea unapita barabarani, na sisi leo hatupiti barabarani. Sisi leo ni ndege. Ndege haina kona."

Nikakaza. Uzi ukapita juu ya milima yote iliyopakwa rangi ya kahawia bila kujali, ukapita pembeni mwa lile ziwa kubwa, ukafika. Tukaupeleka kwenye kipimo cha ramani chini ya ukurasa, tukapata kilomita zetu. Mwalimu akasema ndege kubwa inakwenda kilomita mia nane kwa saa, haya, gawanyeni. Jibu likawa saa moja na dakika ishirini hivi.

"Saa moja tu, mwalimu?" msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema. "Hata maharage hayajaiva!"

"Maharage yako wewe hayaivi hata kwa siku mbili tatu."

Kisha akauliza swali la mtego. Abiria ameondoka Lima saa sita kamili mchana, atafika La Paz saa ngapi? Wengi wakasema saa saba na dakika ishirini. Mimi nilikuwa bado mbele, hakuna aliyeniambia nirudi kukaa, nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni saa nane na dakika ishirini, kwa sababu saa za La Paz zimetangulia kwa saa moja.

"Sema tena. La Paz hawajakusikia."

Nikasema tena. Mwalimu akanipigia makofi peke yake.

Siku ile nzima nilikuwa naiwaza ile saa moja. Abiria yule anashuka, anarekebisha saa yake ya mkononi, na saa nzima imekwenda ambayo hakuikaa mahali popote. Hakuisinzia wala hakuila. Sikujua kwa nini jambo hilo lilinipendeza, lakini lilinipendeza. Kuanzia hapo kila nikipata atlasi nilikuwa napima: Quito hadi Bogotá, Santiago hadi Buenos Aires, Caracas hadi Manaus. Wenzangu wakawa wananiita rubani. "Rubani, tukirudi tupitie Kigoma tununue dagaa." "Rubani, abiria wako amebanwa, simamisha kichakani." Sasa darasa limeshahamia Asia, lakini bado kuna wanaoniita hivyo.

Nikisema ukweli, kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba huko angani hakuna wa kukutana naye. Kwetu Uha huwezi kumpita mtu hivi hivi. Ukimwona mkubwa wako unatua mzigo, unachuchumaa au kupiga magoti, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyopinda, mnasalimiana. Mwakeye kama ni asubuhi, mwiriwe kama jua limepinda. Halafu anauliza watu wa nyumbani, mnajibu. Watoto, ng'ombe, mvua, shamba, mgonjwa wa mwaka jana alipona? Na wewe unauliza vya kwake. Na makofi hayakomi, yanakwenda chini chini pamoja na maneno. Watu wa pwani waliofungua maduka Kasulu hutucheka, husema Muha akikutana na Muha jua linawachwea. Wengine wanayafurahia maamkizi hayo. Mama yangu alikuwa anayafurahia kuliko kula. Mimi yalikuwa yananichosha tangu nikiwa mdogo, kwa sababu kila mtu anakutazama usoni wakati wote.

Habari ya mama nayo ilinifikia kwa njia hiyo hiyo. Jirani yetu alikuja Kasulu mnadani na mbuzi, akafika hadi lango la shule akaomba niitwe. Nikatoka. Tulipigiana makofi pale langoni mbele ya mlinzi. Aliniuliza masomo, akauliza chakula kinatosha, akauliza kama baridi ya Kasulu imetuzoea. Nami nikamuuliza mke wake, mbuzi wake, mvua ya huko. Alijibu yote. Mbuzi mmoja alivunjika mguu njiani. Mvua ni nyingi, barabara imekuwa uji. Ndipo alipomaliza kupiga makofi, akaangalia chini.

"Mama yako anaumwa. Tumbo. Baba yako kasema uje."

"Anaumwa sana?"

"Kasema uje."

Nilikwenda kwa matroni kuomba ruhusa. Alisema, "Nenda, mwanangu, nenda, usisubiri karatasi." Alikuwa amevaa kandambili, moja nyekundu na nyingine ya buluu. Wakati anaongea nilikuwa naziangalia hizo kandambili. Nilisubiri nione kama nitalia, sikulia. Nikaenda bwenini nikakunja kitenge kimoja. Mwenzangu wa dawati akanipa kipande cha mkate alichokuwa ameficha, akasema, "Rubani, utamkuta." Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, kumkuta. Sikuwa na wazo jingine lolote kichwani.

Asubuhi yake nilipata lori la mfanyabiashara wa Kasulu lililokuwa linapeleka chumvi Kibondo. Dereva alikuwa mzee wa Kiislamu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakagua gurudumu.

"Panda juu kwenye chumvi, binti. Mbele pamejaa, nimembeba mke wa watu."

"Mke wa watu au wako?" utingo akauliza kutoka juu.

"Wewe kaza turubai, nyamaza." Kisha akaniambia mimi, "Ukisinzia, egemea ndani. Mwezi uliopita mmoja alisinzia akiegemea nje, tukamkuta kwenye mahindi ya watu anaomba msamaha."

Utingo akacheka. Nami nadhani nilicheka, mdomo tu.

Tulipita Makere, tukaenda, tukavuka mpaka wa wilaya tukawa tayari upande wa Kibondo. Huko ndiko lori lilikokwama. Gurudumu la nyuma lilizama kwenye tope hadi chumvi ikalala upande. Dereva alishuka, akatazama, akavua viatu vyake, akaviweka juu ya jiwe kwa utaratibu kama mtu anayeingia msikitini.

"Hapa ni mpaka kesho," akasema. "Kwenu si huko mbele tu? Tembea, binti. Utafika hatujang'oa hata gurudumu moja."

Kutoka pale kwenda kwetu kuna njia mbili. Barabara inauzunguka mlima kama kiwiko cha mkono, na kwenye kiwiko chenyewe kuna zahanati ya misheni. Njia ya pili ni ya zamani, inakatiza bondeni moja kwa moja. Huko bondeni ndiko tulikokaa zamani, kabla watu wote hawajaambiwa wahame wakajenge kijiji kipya kando ya barabara. Sasa ni mahame matupu. Na barabara, kwa sababu hiyo hiyo, imejaa nyumba, zote zimeelekea njiani, na mbele ya kila nyumba kuna mtu mzima amekaa.

Nilisimama pale nikavuta uzi kichwani. Ncha moja kwenye lori, nyingine kwenye mlango wa mama. Ukiukaza unapita bondeni. Kwa barabara ningefika jioni, maana ningelazimika kupiga magoti kila nyumba, kwanza mwakeye kisha mwiriwe, wewe ni wa nani, Kasulu wanasemaje. Kwa bonde ningefika mchana. Hesabu ilikuwa wazi kabisa, hata darasani ningepata alama zote. Tena haikuwa haraka peke yake. Sikutaka mtu yeyote aniulize habari ya mama, kwa sababu sikuwa nayo.

Nikakata bondeni.

Sikukutana na mtu hata mmoja. Migomba iliyoachwa ilikuwa imesongamana, majani makavu yananing'inia hadi chini, na tumbili walikuwa wanakula ndizi ambazo hakuna wa kuwafukuza. Nilipita penye nyumba yetu ya zamani. Paa hakuna, tulilibeba wenyewe. Mafiga matatu yalikuwa bado yamekaa vile vile, katikati yameota nyasi, na mashina ya maboga ya mama yalikuwa yametambaa hadi ndani ya chumba walichokuwa wanalala. Nilifikiri nitasikia kitu nikipaona. Nilipita kama ninavyopita ukurasa ambao hautatoka kwenye mtihani. Kichwani nilikuwa nasema Lima, La Paz, Lima, La Paz, kwa kila mguu, na hatua zikawa zinakwenda zenyewe.

Nilifika nyumbani jua limepinda kidogo tu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jivu la jikoni lilikuwa baridi. Bibi wa nyumba ya jirani alinitokea, akaanza kupiga makofi.

"Mwiriwe..."

"Bibi, mama yuko wapi?"

Makofi yakakatika. Sijawahi kumkatiza mtu mzima salamu maishani mwangu, na yeye nadhani alikuwa hajawahi kukatizwa. Alinitazama kidogo.

"Hamkukutana?"

"Na nani?"

"Na mama yako. Wamembeba asubuhi kwa machela, wanaume sita, na baba yako, na shangazi yako nyuma. Wamempeleka zahanati ya misheni. Barabara nzima imewaona, mjukuu wangu. Wewe umepita wapi?"

"Bondeni."

"Bondeni hakuna mtu."

"Ndiyo, bibi."

Alitaka ninywe maji kwanza. Nilikunywa kwa sababu alishika kata mbele ya mdomo wangu. Kisha nikaweka kitenge changu mlangoni, nikashika barabara kuelekea kwenye kiwiko.

Sasa nilisalimia kila mtu. Nilipiga magoti mpaka magoti yakawa mekundu kwa udongo. Wa kwanza alikuwa mzee anayechonga mpini wa jembe. Tuliulizana yote, watu wa nyumbani, mvua, shamba. Alipojua mimi ni wa nani, mpini akauweka chini.

"Mama yako kapita hapa. Katusalimu yeye mwenyewe kutoka machelani, kabla hatujamsalimu. Kasema, wazee nisameheni, leo magoti yamebebwa na wengine. Tukacheka. Hata wabebaji walicheka, mmoja karibu amwangushe."

Ni yeye huyo. Ni maneno yake. Nikamshukuru mzee, nikasimama, nikaenda nyumba ya pili.

Mbele kidogo kulikuwa na mama anayemenya mihogo. Alisema waliomba kupumzika kwenye kivuli cha nyumba yake. Mama aliomba maji, akanywa kidogo, akayarudisha.

"Kaniambia ana binti anasoma Kasulu, anakuja kwa lori. Akauliza kama nimesikia lori lolote. Nikamwambia leo sijasikia. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lori liko wapi?"

"Limekwama."

"Ungepita huku mngekutana hapa hapa kwangu," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapima tu, kama mimi ninavyopima. Akanipa kipande cha muhogo, nikakishika.

Nyumba zilizofuata zilikuwa na maneno machache zaidi. Mmoja alisema aliwaona lakini hakumsikia mgonjwa akizungumza. Mwingine alisema shangazi yangu alikuwa amemfunika uso kwa sababu ya jua. Kisha kijana mmoja, wa familia zile zilizokimbia kutoka Burundi, alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli yake mbele ya duka. Hakuniuliza mengi.

"Wamepita wakikimbia," akasema. "Panda."

Mimi sipandi baiskeli ya mtu nisiyemjua. Hata ya ninayemjua sipandi. Nilipanda, nikashika kiti chake kwa nyuma, na sijui aibu yangu siku hiyo ilikuwa wapi. Tope lilituruka hadi usoni. Nilijaribu kuhesabu mwendo wa baiskeli kwa saa, nikashindwa, nikabaki naangalia shingo yake iliyokuwa na jasho. Kwenye mteremko aliniambia nishike vizuri. Nikashika vizuri.

Zahanati ina uwanja wa nyasi mbele. Wale wanaume sita walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wawili wanaosha miguu bombani. Miti ya machela ilikuwa imeegemezwa ukutani na blanketi halipo. Kijana alisimamisha baiskeli mbali kidogo, akashuka, akavua kofia.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Shangazi alikuja akanishika mabega yote mawili, akawa ananitikisa polepole, kama anayepeta kitu.

"Alikuwa anazungumza hadi penye mihogo," akasema. "Alikuwa anakuuliza. Kila tukisimama, anauliza lori limefika wapi. Namwambia liko njiani, wifi, liko njiani. Huku mwishoni akawa hasemi, nikasema amelala. Kumbe hakulala. Walipomlaza kitandani, muuguzi akamshika mkono tu, akauweka chini."

Nikasema, "Ndiyo, shangazi."

Baba akaniuliza, "Umepita wapi wewe?"

"Bondeni."

"Kule kumejaa nyasi."

"Ndiyo."

Hakuniuliza tena, wala hajaniuliza hadi leo. Niliingia ndani nikamwona. Walikuwa wamemfunga kidevu kwa kipande cha kanga. Uso ulikuwa na vumbi la barabarani upande mmoja, nikaomba maji na kitambaa, nikamfuta. Muuguzi alisema vizuri, fanya hivyo. Mkononi nilikuwa bado na ule muhogo, sikujua niuweke wapi, nikamrudia kijana wa baiskeli nikampa.

Wabebaji wakafunga upya blanketi kwenye miti. Tuliondoka wakati ule ule, kwa sababu baba alitaka alale nyumbani. Mimi na shangazi tulikwenda nyuma.

Habari zilikuwa zimetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, mbele ya nyumba zao, mikono imelala pembeni. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyepiga magoti wala aliyesema mwiriwe wala aliyeuliza wa nyumbani hawajambo. Mama wa mihogo alifunika sufuria yake. Mzee wa jembe alisimama na mpini mkononi, midomo yake ikacheza, akaifunga. Kwa kuwa hapakuwa na wa kutusimamisha, wabebaji hawakusimama, walikuwa wanabadilishana bega huku wanakwenda. Ilinibidi nikimbie kidogo kidogo ili nisiachwe.

Sijawahi kupita barabara ile haraka namna hiyo. Tulifika nyumbani na bado kulikuwa na jua. Bibi jirani alikuwa ameshaifungua kamba ya mlango, amefagia uwanja, na moto umewaka.